Siku Niliyoipaka Dinamo Mafuta ya Nazi

Mkinikuta nimesimama kwenye dirisha la kinu cha watu, nimetega sikio kama jirani mmbea, msiniitie polisi. Ni mazoea tu. Tangu nilipoacha shule, darasa la kumi, nimefanya kazi ya injini ndogo na dinamo. Nimezunguka nayo mashamba ya mkonge ya Tanga, nikaenda Lindi, nikaenda Kilosa, nikakaa Chanika, na mara tatu nimerudi Mtoni bila kuitwa na mtu. Mwaka huu nimeiacha. Sijafika hamsini, lakini sikio langu la kulia limekufa, na fundi asiyesikia injini ikikohoa ni sawa na mpishi asiyesikia harufu ya wali ukiungua.

Nyie vijana mnaosoma ufundi, kila nikikaa kwenye benchi la kahawa mnaniuliza jambo lile lile: "Mzee, umeme wa mjini utafika lini huku kwetu?" Mie si mzee, ila nawasamehe. Utafika lini, sijui. Ninachojua ni kwamba mnaniuliza hivyo huku nyuma ya nyumba zenu kuna chungu za vifuu vya nazi ndefu kuliko mimi, na mnaviona takataka. Mimi nimeona vifuu hivyo vikipandisha maji kilimani. Nimeona pia siku vilipogoma, na aliyevigomesha alikuwa mimi.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, mafuta ya dizeli yalikuwa ya kugombania. Bwana Hemedi, mwenye kinu cha mafuta ya nazi pale Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, alikuwa na injini nzuri isiyo na cha kunywa. Ndipo akaja Fundi Mchopa, mtu wa Newala, mfupi, mkimya, mwenye chale usoni na chupa ya dawa ya kikohozi mfukoni. Ndani ya chupa hiyo hamkuwa na dawa. Mlikuwa na petroli, kijiko kimoja au viwili, aliyoitunza kama marashi.

Mchopa alichukua pipa la chuma, akalijengea matofali kwa ndani, akaliwekea mfuniko na mabomba, akalifanya tanuri. Humo aliweka makaa ya vifuu. Makaa yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi, nayo gesi ikisafishwa na kupozwa huingia kwenye injini badala ya mafuta. Alibadilisha na vitu viwili vitatu kwenye injini yenyewe, akaweka cheche ya kuwasha, ikanguruma. Injini ilizungusha kinu kwa mkanda. Mkanda wa pili ulizungusha dinamo, ambayo Bwana Hemedi aliitoa kwenye shamba la mkonge lililofungwa, pamoja na pampu yake ya umeme.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye akili ya jambo lenyewe. Vifuu vilikuwa juu, kinuni. Maji matamu yalikuwa chini, katika mto Kizinga, ng'ambo ya barabara. Visima vya juu vilikuwa na chumvi. Usingeweza kupeleka injini mtoni kila siku, wala kubeba mto kuuleta kinuni. Lakini waya unabeba nguvu bila kuchoka. Mchopa alisimamisha nguzo za boriti za mikoko, akavuta waya ukavuka barabara hadi kwenye pampu, na maji yakapanda bombani hadi kwenye tangi karibu na kinu. Hakuna meli iliyotuletea chochote. Nazi ni za hapo, mto ni wa hapo, na wenye kiu ni wa hapo.

Utaratibu wa maji aliuweka Bi. Tatu, dada yake Bwana Hemedi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka Temeke. Mimi nilipanga chumba kwake. Alisema: kila anayekuja kuchota alete kikapu kimoja cha vifuu vikavu, achote madebe mawili. Ukija mikono mitupu, unarudi na debe tupu. Kina mama walilalamika siku mbili, ya tatu wakazoea. Hata watoto wakimaliza kukuna nazi walikuwa wanagombania vifuu. Mtambo ukawa unalishwa na wanaokunywa maji yake.

Mimi nililetwa kwa sababu nilijua kusoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye vibati vya mashine. Mchopa hakujua kusoma hata jina lake. Aliniita Mwanashule. Wiki ya kwanza nikamwonyesha usomi wangu. Makaa yalipungua tanurini, nikamimina vifuu vibichi, vikapu vitatu, nikijisemea kifuu ni kifuu. Injini ilikwenda vizuri, kisha ikaanza kusinzia, kisha ikalala. Vali zote ziligandamana kwa lami nyeusi, maana kifuu kisichochomwa kuwa makaa kwanza kina utomvu wake. Tulikwangua siku mbili. Mchopa hakunigombeza. Alinipa kisu na kusema, "Kwangua, Mwanashule. Ukimaliza utaniambia kitabuni imeandikwaje."

Alinifundisha kuifungulia gesi bomba dogo la kando na kuiwasha kwa kiberiti kabla ya kuipeleka kwenye injini. Moto ukirukaruka na kuzimika, subiri. Ukitulia na kuwa na rangi ya samawati, injini itaipenda. Alinifundisha pia kuacha milango yote miwili wazi, maana gesi hiyo haina harufu ya kukuonya na inaua. Kichwa kikianza kugonga, tupa ulichoshika, toka nje. Usiseme namalizia kwanza. Hilo mliandike kwa herufi kubwa.

Basi, taabu ilianza na barua ya serikali. Waya wetu ulikuwa unavuka barabara ya Kilwa bila ruhusa ya mtu. Barua ilisema atakuja mkaguzi. Akiridhika, atatoa kibali. Asiporidhika, waya utashushwa. Niliisoma kwa sauti, Bwana Hemedi akaniomba niirudie, kama vile mara ya pili ingelainika.

"Wakiushusha," akasema, "sivuti mwingine. Mie nina kinu. Maji si biashara yangu, ni kelele za Tatu."

Bi. Tatu akajibu kutoka uani, "Kelele zangu ndizo zinazokuogesha, kaka!"

 Kesho yake nilimkuta Mchopa anatembea chini ya waya, nguzo moja baada ya nyingine, akiigusa kila nguzo kwa kiganja.

Mkaguzi alipangiwa siku ya tatu baada ya Idi. Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, na ile ilikuwa Idi yangu ya kwanza kukaa ndani ya nyumba ya Kiislamu. Asubuhi ile niliona Bi. Tatu akiwapanga wajukuu zake mstari mmoja, akiwapaka mafuta ya nazi kuanzia utosini hadi visigino. Walitoka wanang'aa kama vyungu vipya. Nilimwuliza kwa nini mafuta yote hayo. Akacheka: "Mtoto anayekwenda mbele za watu hapelekwi mkavu. Watasema hana mwenyewe."

Neno hilo liliniingia.

Kinuni kwetu kila kitu kilipakwa mafuta ya nazi. Bawaba za milango, visu, mikanda ya suruali, hata viatu vya Bwana Hemedi. Hivyo asubuhi ya ukaguzi, Mchopa alipokuwa anachochea tanuri, mimi nilichukua kitambaa kilicholowa mafuta nikaenda kuipamba dinamo. Nilianza na bodi ya nje. Ikapendeza. Kisha nikatazama ndani, kwenye lile duara la vipande vya shaba linalozunguka, ambalo vipande viwili vya makaa huligusa kuchukua umeme. Shaba ilikuwa na weusi wa kahawia. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikalisugua kwa mafuta pande zote, nikayapaka na makaa yenyewe, hadi shaba ikawaka kama pete ya bibi harusi.

Weusi ule wa kahawia, vijana, ndio afya ya shaba ile. Na mafuta hayapaswi kabisa kupelekwa pale. Mimi sikujua. Hata kwenye kibati haikuandikwa.

Injini ikawashwa. Ikazunguka vizuri. Mkanda ukashika, dinamo ikaimba. Lakini mshale wa mita haukusogea. Mchopa akagonga kioo cha mita kwa kidole. Haukusogea.

"Umegusa kitu?" akauliza.

"Nimefuta vumbi," nikasema.

Halikuwa neno la uongo, na ndiyo maana lilikuwa baya zaidi. Nilikwisha kushuku. Moyoni nilijua kwamba jana mshale ulipanda, na leo kitu kilichobadilika ni kitambaa changu. Lakini saa tatu ilikuwa imefika, mkaguzi angekuja saa tano, na nilikuwa Mwanashule. Nilimwacha Mchopa aamini vumbi.

Akazima injini, akaanza kutafuta. Alikaza nyaya zote nyuma ya dinamo. Akawasha tena, wapi. Akahisi huenda waya umegusana mahali, akashuka hadi mtoni kwa miguu akitazama juu, nguzo kwa nguzo, jua la saa nne likimchoma kichwani, mtu mwenye zaidi ya miaka sitini. Nilimwona kutoka mlangoni akiinama kwenye pampu, akiinuka, akishika kiuno, akianza tena kupanda.

Wakati huo kina mama walikuwa wamekwisha panga madebe. Bi. Tatu alikuja mlangoni, mikono kiunoni.

"We Mwanashule, maji yako wapi?"

"Yanakuja, Bi. Tatu."

"Yanakuja kwa miguu? Maana fundi wako namwona anayafuata huko chini." Wenzake wakacheka. "Vifuu tumeleta. Vikapu kumi na saba, nimehesabu. Au mnavila?"

Mchopa aliingia akihema. Jasho lilikuwa limejaa kwenye chale za mashavu yake. Akaketi juu ya gunia, akafungua shati, akasema polepole, kama mtu anayeongea na mashine, si na mimi:

"Waya mzima. Pampu nzima. Basi hii dinamo ndiyo imekufa. Na dinamo ikifa leo, waya unashushwa leo." Akaangalia viganja vyake. "Nimekosea wapi?"

Hapo sikuweza tena. Mtu yule alikuwa anajitafutia kosa langu ndani ya mikono yake.

"Mzee Mchopa," nikasema, "niliipaka mafuta."

"Wapi?"

"Kwenye shaba. Na kwenye makaa. Ili ing'ae mbele ya mkaguzi."

 Nilisubiri kofi. Bi. Tatu, ambaye hakuondoka mlangoni, aliziba mdomo kwa kanga.

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

"Umeipeleka Idi?" Mabega yake yakaanza kutikisika. Kumbe anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona Mchopa akicheka, na nadhani hata tanuri halikuwahi. "Tatu! Njoo umwone mjukuu wako! Kampaka mafuta, kasahau kanzu!"

Bi. Tatu alicheka hadi akaketi chini. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipumua hadi tumboni.

Mchopa akasimama, kiuno hakimwumi tena. "Sasa sema yote, tangu kitambaa cha kwanza. Usiruke." Nikasema yote. Kisha akatoa chupa ya dawa ya kikohozi, akanipa. Mwenyewe hakugusa kitu. "Wewe ndiye unayejua ulipopita," akasema.

Nikaloweka kitambaa kikavu kwa petroli, nikaifuta shaba, kipande kwa kipande, na nafasi nyembamba zilizo kati yake nikazipitishia ncha ya ufito. Kisha msasa. Mchopa alinipa msasa wa maseremala, ule mlaini wa mbao, akanikataza ule wa chuma, kwa sababu unga wake hukaa kati ya vipande vya shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Yeye akazungusha dinamo polepole kwa mkono, mimi nikashikilia msasa hadi shaba ikawa na rangi ya shaba, si ya pete.

Lakini makaa mawili yalikuwa yamekunywa mafuta. Kaa likishanyonya mafuta huwezi kulikamua. Ya akiba hatukuwa nayo, na wakati wa vita usingeyapata mjini. Mchopa akamwambia Bi. Tatu, "Nataka betri za tochi zilizokufa. Kubwa kubwa."

Wajukuu wake walizileta zikiwa nne. Walikuwa wanazichezea kama magari. Tukazipasua kwa kisu. Katikati ya kila betri ya tochi kuna kijiti cheusi cha kaa, kigumu. Hicho ndicho. Nilivikata vijiti hivyo, nikavipiga tupa, nikavifunga viwili viwili kwa waya mwembamba wa shaba, nikavipima kwenye matundu yake hadi vikaingia bila kubana. Mikono yangu yote ilikuwa myeusi, imejaa mafuta.

Gari likalia nje.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu mwenye soksi hadi magotini, akifuatana na karani. Bwana Hemedi alimpokea kwa madafu, akamsimulia habari za kinu tangu enzi za baba yake, akamwonyesha kila gunia. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatununulia dakika. Mtu aliyesema maji si biashara yake.

Walipoingia chumba cha injini nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho. Mchopa akafungua gesi ya kando, akaiwasha. Moto ukatulia, wa samawati. Akanikonyeza. Injini ikashika. Mkanda ukashika. Nikaangalia mita.

Mshale ulitetemeka ukakaa. Ukatetemeka tena. Kisha ukapanda, taratibu, kama mtu anayeinuka kitandani, ukafika ulipokuwa unafika siku zote, ukatulia.

Sijui kama mnaelewa furaha hiyo. Haikuwa ya kurukaruka. Niliegemea ukuta, nikasikia Bi. Tatu anapiga kelele kutoka kwenye tangi: "Yamekuja! Yamekuja, na ni baridi!"

Mkaguzi alizunguka. Aliuliza kuhusu gesi, nikamwonyesha milango miwili wazi. Aliuliza makaa ya dinamo tunayapata wapi, nikamwonyesha ganda la betri ya tochi. Alilichukua, akaligeuza, akalitia mfukoni. Akatembea chini ya waya hadi barabarani akaupima kwa macho. Alitaka nguzo mbili za barabarani ziongezwe urefu, ili lori lenye mzigo lipite, na kibao cha hatari kwenye kila moja. Basi. Akaandika kibali juu ya gunia la mbata. Palihitajika sahihi ya mtunza mtambo, na Mchopa hakujua kuandika, hivyo akanisukuma mbele.

"Tia wewe, Mwanashule."

Nikasema mtunza mtambo ni yeye. Akasema, kwa sauti ya chini, ili karani asisikie, "Mimi najua mtambo. Wewe leo umejua kusema ulichokosea. Mkaguzi mwingine akija, tutahitaji vyote viwili." Nikatia sahihi.

Vijana, nimefanya mengine tangu siku ile. Kule Chanika niliua betri sita za mkulima mmoja kwa kuzijaza maji ya kisima badala ya maji ya mvua. Nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla hajauliza. Alikasirika, kisha tukaweka pipa chini ya paa lake la bati, tukaanza upya. Siku hizi dizeli ipo, na watu wanacheka tanuri la vifuu. Sawa. Ila mkienda Chanika tazameni vijito vinavyoshuka baada ya masika, mkienda Mbezi tazameni upepo ulivyo juu ya vilima, kisha mjiulize kinachozunguka hapo ni nini, na nani ana kiu karibu. Anzieni hapo. Dinamo ndogo iliyo karibu na mwenye kiu huwa haikosi wa kuilisha. Na ikigoma, ulizeni kwanza ni nani aliyeigusa mwisho. Kama ni wewe, sema kabla mwenzio hajashuka mtoni.

Mchopa alirudi Newala akafia kwao. Mwezi uliopita nilipita tena kinuni, dirishani, kama kawaida yangu. Mjukuu mmoja wa Bi. Tatu ndiye anayeshika mtambo sasa. Alinijua, akanifungulia.

"Shikamoo, baba. Karatasi yako ipo."

Alinitolea kile kibali kutoka kwenye fremu ya ukutani. Chini ya sahihi yangu kuna alama ya kidole gumba, maana nilisahau kunawa. Ni mafuta ya nazi. Karatasi yote imekuwa ya manjano, wino umefifia, lakini doa lile halijakauka hata leo. Kijana aliiinua mbele ya mlango, na pale penye kidole changu jua likapita.

Kwa nje, maji yalikuwa yanadondoka tangini.